Njia Isiyo na Foleni

Mume wangu Murshid alimvunja mtu pua sokoni Zhanxi, Guangzhou, kule China, kwa sababu ya mkokoteni. Yule bwana alikuwa anausukuma umejaa viatu, Murshid yuko kwenye usukani wa kigari chetu cha mizigo, foleni haiendi mbele wala hairudi nyuma, honi zinalia, na mkokoteni ukakwaruza mlango wetu. Ningekuwa mimi ningemtukana yeye na mkokoteni wake, nikaendelea na shughuli zangu. Murshid hajui kutukana. Alishuka, akamkamata ukosi wa shati, akampiga kichwa, akampiga ngumi, yule akaangukia maboksi yake na damu ikachuruzika kwenye raba nyeupe za watoto. Nilimvuta mume wangu kwa mkanda wa suruali mpaka mkanda ukakatika.

Polisi waliwasuluhisha kama ilivyo kawaida ya kule: maneno mengi, maji ya moto kwenye vikombe vya karatasi, kila mtu atie sahihi yake. Lakini afisa alimnyooshea Murshid kidole akamwambia safari nyingine hakuna suluhu. Ukipiga tena, unarudi kwenu.

Niseme mapema kwamba mimi hajanigusa hata siku moja. Angejaribu angeona. Na ukimkuta mtaani kwetu Xiaobei amekaa na watu wake, anacheka, analipia chai asiowajua, utasema hakuna mtu mpole kama yeye. Mtie kwenye msongamano sasa. Mpigie honi kwa nyuma, mpite kwenye mstari wa uwanja wa ndege, mwambie kwenye hoteli kwamba hapa hatupokei wageni wa nje. Hapo mikono yake inafanya kazi kabla ya kichwa, na mimi nabaki kuokota miwani za watu.

Jioni ya siku ile kaka yangu Vuai alipanda kwetu ghorofani, Xiaobei. Vuai ni wakala wa makonteina, na kwa kuwa baba yetu ameshafariki, yeye ndiye walii wangu. Hakusubiri hata kukaribishwa.

"Shemegi, weye utatuadhiri," alisema. "Mtoto anavaa joho mwezi wa sita kule Lanzhou. Miaka yote anasoma udaktari, siku ya kumaliza baba hayupo, kafukuzwa kwa kupigana njiani!"

Mtoto ni Kauthar, tunaye huyo huyo mmoja. Murshid alisimama, akaipiga meza ngumi sahani zikaruka, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye lifti:

"Wallahi, nikimpiga mtu yeyote kabla Kauthar hajavaa joho, Swalha kaachika!"

Asiyejua mambo haya nimweleze. Mwanamume akiapa kwa talaka, ile talaka inaning'inia. Akilifanya alilojikataza, mke kaachika palepale, hata kama wakati ule yuko jikoni anakaanga samaki. Na mimi talaka mbili nilikuwa nazo tayari, moja nilipewa Kariakoo na nyingine Dubai, zote za hasira, zote akanirejea kabla eda haijaisha. Ya tatu haina kurejeana. Mchezo umekwisha, kila mtu na sanduku lake.

"Nimesikia," Vuai alisema polepole. "Na mie ni shahidi." Vuai kwenye dini hana mzaha, hata kwa dada yake.

Mimi nilichukua bakuli la achari nikamtupia mume wangu. Likampata juu ya jicho.

"Kwa nini mimi?" nilipiga kelele. "Ungeapia gari! Ungeapia duka, ungeapia hizo ndevu zako! Mimi saa ya ukutani, ukwame uniweke rehani?"

Alijifuta achari na damu kwa kiganja. Nililala na hasira zangu nikaamka nazo. Lakini hasira hazikuzuia kuniingia woga. Nampenda yule mwanamume, na nilikuwa sina hamu ya kuwa mtalaka wa mtu kwa sababu ya honi.

Basi ikawa kazi yangu kumfikisha Lanzhou, mbali kaskazini, bila kumpitisha mahali atakapopiga mtu. Ndege haikufaa, kwa sababu ya ile mistari. Treni haikufaa, stesheni yenyewe iko pua na mdomo na Zhanxi, na watu wanasukumana kama hakuna kesho. Hoteli za njiani zingetukataa nyingine. Vuai ndiye aliyeleta habari ya gari-nyumba. Kulikuwa na bwana mmoja mtaa wa Sanyuanli, laoban Luo, yaani bosi Luo, tajiri wa magari, alikuwa nalo moja la kukodisha: kitanda ndani, jiko ndani, choo ndani. Hakuna mstari, hakuna mapokezi, chakula chetu wenyewe cha halali. Murshid aliposikia alifurahi akapiga makofi.

Mimi nikashika ramani ya simu. Kila jioni, saa za watu kutoka kazini, naifungua natazama China nzima ikigeuka nyekundu. Changsha nyekundu, Wuhan nyekundu, Xi'an imeiva kabisa. Kila mstari mwekundu niliuona ni talaka yangu. Nikaanza kutafuta vinjia vya pembeni, vya milimani, vya mashambani, mahali ambapo ramani inabaki nyeupe mchana na jioni.

"Dada, hivyo utazunguka mpaka joho livaliwe livuliwe," Vuai alilalamika. "Pita barabara kuu, Changsha mnaipita pembeni tu."

"Pembeni kuna foleni."

"Ya muda mfupi!"

"Kupiga mtu kunachukua muda gani?" nilimuuliza.

Zile wiki za kupanga safari zilikuwa za vita. Murshid hakupiga mtu, lakini alipiga kila kisicho mtu. Pikipiki ya umeme ilimkanyaga kidole cha mguu chini ya daraja la Xiaobei, akageuka akaupiga ukuta. Mteja alimzungusha kuhusu sampuli, akaupiga mlango wa friji ukabonyea. Anarudi nyumbani vifundo vya vidole vinavuja damu, mimi nauliza, "Nani?" Ananijibu, "Lifti." Namfunga kitambaa namshukuru Mungu kwamba lifti haina mama wala pua. Usiku alikuwa akikunja ngumi usingizini, na mimi nilikuwa nalala nimemshika kifundo cha mkono.

Siku ya kupakia tulikwenda Sanyuanli. Nilikuwa nimeweka kila kitu: mchele, unga, nazi mfuko mzima, na mbuzi yangu ya kukunia. Ni mbuzi ya mninga, niliitoa Unguja nikiwa mwari, inakunjuka kuwa kigoda, na ulimi wake wa chuma una meno ninayoyanoa mwenyewe. Laoban Luo aligusa yale meno kwa ncha ya kidole, akatutazama mke na mume, akarudi nyuma hatua moja.

"Hii inabaki," Murshid alisema. "Lanzhou kuna nazi gani?"

"Nazi ninazo."

"Kuna za maboksi, Swalha."

"Uniache kwa kumpiga mtu," nilimwambia, "usiniache kwa tui la boksi." Mbuzi ikapanda.

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri, kabla jiji halijaamka. Niliketi mbele, simu mkononi. Barabara ya juu tulikuwa nayo peke yetu, na jua lilipotoka tulikuwa tumeshaiacha Baiyun nyuma, tumeingia Conghua, ambako Guangzhou inaacha kuwa jiji inakuwa milima na mashamba. Nikamwelekeza ashuke kwenye njia ya zamani, ile nyeupe, niliyoichagua mwenyewe. Pande zote mbili ni miti ya lichi, zile shokishoki zao zisizo na manyoya, imeinama kwa uzito. Murshid alianza kuimba. Nilikuwa sijamsikia akiimba tangu Zhanxi.

Tukaegesha mahali penye kivuli, tukanywa chai kwa maandazi. Nikakuna nazi moja kwa ajili ya maharage ya mchana, mbuzi nikaikunja nikaisukumia chini ya kiti. Kisha tukaondoka.

Sasa hapa ndipo penye jambo lenyewe. Wachina wanaendesha kulia, sisi kwetu tunaendesha kushoto. Murshid ameendesha Guangzhou miaka na miaka hajakosea hata mara moja, kwa sababu Guangzhou huendeshi, unafuata mkia wa mwenzio. Mbele gari, nyuma gari, utakosea vipi? Mimi ndiye niliyemtafutia barabara isiyo na mkia wa kufuata. Alitoka pale kivulini, akapiga kona, akashika kushoto kama mtu anayetoka Mwera kwenda Tunguu kule Unguja. Na mimi niliyekaa pembeni yake, macho kwenye njia, sikuona kosa. Nilihisi raha. Kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi ile barabara ilinikaa sawa machoni, nikadhani ni kwa ajili ya ile miti.

Kwenye kona ya mianzi ikatokea kirikuu imejaa lichi mpaka juu.

Murshid alikata usukani. Yule naye alikata. Nilisikia chuma kinachanwa upande wangu wote, kabati zikafunguka, sufuria na masahani yakaja mbele, mfuko wa nazi ukapasuka na nazi moja ikanipiga shingoni. Tulisimama tumeelemea ukingo. Kirikuu ililala ubavu katikati ya njia, na lami yote ikawa nyekundu kwa matunda. Kwanza nilidhani ni damu.

"Mzima?" Murshid aliniuliza.

"Mzima."

Tukashuka. Dereva alikuwa ameshatoka kupitia dirishani, mwanamume wa makamo, kifua kama kabati, paji limechanika. Alitazama gari lake. Alitazama mavuno yake yanavyobiringika kuelekea mtaroni, matunda ya siku moja, yakilala hayana mnunuzi. Alitazama upande tuliokuwa tumeshika, akafahamu. Na haki ilikuwa yake, siwezi kusema vingine. Akavuta mpiko wa mwanzi, ule wa kubebea vikapu begani, akaja.

Pigo la kwanza lilimpata Murshid begani. Niliona mkono wake wa kulia ukinyanyuka wenyewe, umeshakunjwa, naijua ngumi ile. Ukafika usawa wa kifua, ukasimama. Alinitazama. Akageuka, akaishika ngazi ya nyuma ya gari kwa mikono yote miwili, akampa mgongo.

"Duibuqi," alisema. Samahani. "Duibuqi, bwana, duibuqi."

Yule alimpiga. Alimpiga mgongoni, mbavuni, nyuma ya magoti. Kila pigo Murshid anasema samahani, na vidole vyake kwenye ile ngazi vimekuwa vyeupe. Mpiko ulimpata sikioni, sikio likapasuka, damu ikamshukia shingoni ikaingia kwenye shati. Nilipiga kelele kwa Kichina changu cha sokoni, basi, inatosha, tutakulipa, polisi! Yule hasikii. Alikuwa analia huku anapiga. Murshid magoti yakamlegea, akaning'inia kwenye ngazi kwa mikono tu.

"Swalha, usije!" alinipigia kelele. "Rudi ndani! Mimi naweza!"

Najua anaweza. Mwanamume aliyevunja pua kwa mkwaruzo wa mlango alikuwa anapigwa kama punda asinyanyue hata kiwiko, ili mimi nibaki mkewe. Na yule alikuwa ameushika mpiko sasa kwa mikono miwili, kwa juu, anaulenga utosi.

Nilirudi ndani kama nilivyoambiwa. Nilipotoka nilikuwa na mbuzi yangu. Niliikunjua kwa mkono mmoja kama ninavyoikunjua kila siku ya Mungu, nikamshushia begani kwa nguvu zangu zote. Mfupa ulilia. Mpiko ukamtoka. Nilimwongeza ya mkono, meno ya chuma yakaingia nyama na yakatoka nayo, na bado nilikuwa sijamaliza. Nilimpiga kwa ajili ya Zhanxi, na kwa ajili ya ile meza ya Xiaobei, na kwa ajili ya talaka zangu mbili. Maskini, nyingi hazikuwa zake. Alipoanguka kwenye lichi zake nilikuwa nimeinyanyua tena, na ni Murshid aliyeachia ngazi akanikumbatia kwa nyuma, mkono wangu ukabaki juu.

"Basi, mama," alinong'ona, damu yake ikinidondokea kwenye buibui. "Basi."

Kituo cha polisi cha pale kilikuwa kidogo. Dereva aliletwa bega limefungwa na mkono umeshonwa. Mbuzi yangu iliwekwa mezani ndani ya mfuko wa nailoni. Kwa kuwa Kichina changu hakitoshi mambo ya serikali, walimpigia Vuai simu atafsiri, wakaiweka sauti wazi. Afisa akauliza, nani kampiga huyu?

"Mimi," Murshid alisema kwa Kichina.

Vuai akasema kwa Kiswahili, taratibu, "Shemegi. Unajua unalolisema? Unajua nani anakusikia?"

"Najua. Nimepiga mimi. Nifukuzeni mimi, Swalha abaki amwone mtoto."

Na dereva je? Dereva alitikisa kichwa kukubali! Alikuwa ameshamtazama mara mbili huyu mama mnene wa buibui, na akaona heri aandikwe kwamba kapigwa na mwanamume. Wanaume wawili waliotoka kuuana asubuhi sasa walikuwa wanasaidiana kuniachisha.

"Muongo!" nilipiga meza. "Vuai, muongo huyo! Mwambie afisa nimepiga mimi!"

Vuai akatafsiri. Afisa alichoka na sisi. Akaitoa mbuzi kwenye mfuko, akampa Murshid amwonyeshe alivyopiga nayo. Murshid akaishika. Akaigeuza juu, akaigeuza chini, akavuta mguu usiovutika, kidole kikabanwa. Miaka yote ya ndoa amekula wali wa nazi, hajawahi kujua mbuzi inafunguliwa wapi.

Nilimnyang'anya. Nikaikunjua kwa mkono mmoja, tap, ulimi mbele. Dereva aliruka kutoka kwenye kiti na bega lake lililovunjika akajificha nyuma ya afisa.

Afisa akaandika jina langu.

"Alhamdulillahi," Vuai alisema kwenye simu. Sijui kama aliitafsiri na hiyo.

Waliniweka ndani siku kadhaa, kisha wakanipandisha ndege. Mambo ya gari na ya lichi Vuai aliyamaliza na wenyewe. Mbuzi walikataa kunipa. Murshid alinisindikiza mpaka pale anapoishia msindikizaji, mtu akampita kwenye mstari na sanduku likamgonga goti lililopigwa na mpiko, nikaona bega lake linapanda. Akaitia mikono mfukoni. Nililia kuanzia pale mpaka Unguja.

Kauthar alinitumia picha siku ya joho. Yeye anacheka, kofia imekaa upande. Baba yake pembeni, sikio na bendeji, suti inambana, na mikono yote miwili ameiweka nyuma kama mwanafunzi anayesubiri viboko. Watu kwenye picha ni wengi, wanasukumana. Alikwenda kwa treni, kupitia stesheni ile ile, peke yake.

Jioni yake akapiga simu.

"Swalha, muda umekwisha," alisema. "Mtoto kavaa joho. Kiapo hakipo tena."

"Umempiga mtu?"

"Bado."

Nilicheka, kisha hasira yangu ya zamani ikanirudia, ile ya bakuli la achari, mbichi kama siku ya kwanza.

"Apa tena," nilimwambia. "Apa kabla hujatoka hapo. Lakini safari hii usiniweke mimi. Weka kitu chako."

Nyuma yake nilisikia mji mkubwa wa watu, na honi.

"Niape kwa kitu gani basi?" aliniuliza. "Kingine ninachoogopa kukipoteza sina."